Amri, Picha na Istilahi

Mtumiaji wa MS-DOS, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 1981 na Microsoft, alilazimika kukariri amri na kuziandika herufi kwa herufi. Amri hizo, kama vile COPY na DEL, zilitoka katika Kiingereza, na mfasiri hakuweza kuzigusa bila kuipotosha mashine.

Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, ikifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na watafiti wa Xerox: mafaili yalionekana kama picha juu ya meza, nayo yaliteuliwa kwa kipanya. Mwaka 1985 Microsoft nayo ikatoa Windows. Hapo mlango wa istilahi ulifunguka, kwani jina la picha laweza kubadilishwa na kazi yake isibadilike.

Hata hivyo, wapinzani hao walikipa kitu kimoja majina mawili. Mahali pa kutupia mafaili Apple ilipaita pipa la taka. Windows 95 ikapaita pipa la kuchakata taka. Kote, kilichotupwa huweza kurudishwa kabla pipa halijamwagwa. Kwa hiyo twaona neno pipa latosha: istilahi na itokane na kazi ya kitu, wala si na ushindani wa wauzaji.