Ushahidi wa Isotopu katika Historia ya Miamba ya Kibara na Maeneo Jirani, Mkoa wa Mara

Utangulizi

Kibara ni mji mdogo wa Wilaya ya Bunda, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ghuba ya Speke, Ziwa Viktoria. Mtafiti anayelitafuta jina hilo katika maandishi ya jiolojia hukutana kwanza na Kibara nyingine, yaani Milima ya Kibara iliyoko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Milima hiyo ndiyo iliyoupa jina ukanda wa miamba ambao kwa muda mrefu ulielezwa kuwa unaendelea kuelekea kaskazini-mashariki, kupitia Burundi na Rwanda, hadi Karagwe nchini Tanzania. Mwaka 2010 Luc Tack na wenzake walionesha kwamba tukio kubwa la magma katika ukanda huo lilitokea takriban miaka milioni 1,375 iliyopita, wakapendekeza sehemu ya Karagwe na Ankole ihesabiwe kuwa ukanda wa peke yake.

Miamba ya Kibara ya Mara haimo katika historia hiyo. Eneo hilo ni sehemu ya Kratoni ya Tanzania, kipande cha kale cha bara kilichotulia kabla milima ya Katanga haijaanza kujengwa. Miamba ya volkano iliyopimwa Suguti, Wilaya ya Musoma, upande wa kaskazini wa Kibara, ina umri wa takriban miaka milioni 2,755, maradufu ya umri wa tukio la Katanga. Hivyo jina moja limebeba nyakati mbili zilizoachana kwa zaidi ya miaka milioni 1,300.

Makala hii inajadili namna historia ya miamba ya Musoma, Bunda na Butiama ilivyoandikwa upya pale ushahidi wa kemia na isotopu ulipoongezwa kwenye ule wa macho na nyundo. Hoja yake kuu ni kwamba jina, mwonekano na ujirani wa miamba havitoshi kuthibitisha umri wala asili yake. Hata hivyo, ushahidi wa isotopu nao ni shahidi anayepaswa kuhojiwa, kama mwanahistoria anavyoihoji hati ya nyaraka, kwa kuuliza ni tukio gani hasa limeandikwa humo.

Historia iliyoandikwa kwa kutazama

Uchoraji wa ramani za jiolojia za Musoma ulishika kasi wakati wa utawala wa Waingereza, hasa kwa sababu ya dhahabu. Mwaka 1936 G. M. Stockley wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika alichapisha maelezo ya jiolojia ya sehemu za kusini na kusini-mashariki mwa Wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilikuwa na eneo kubwa kuliko ilivyo sasa. Miamba ya kanda ya Ziwa iliwekwa katika makundi mawili makuu. Mfumo wa Nyanza ulijumuisha lava za kale na mawe ya chuma yenye mistari. Mfumo wa Kavirondo ulijumuisha mawe ya mchanga na ya kokoto yaliyolala juu yake. Kando ya makundi hayo yalikuwapo matale, yaani graniti, yaliyopenya na kuyazunguka.

Mpangilio huo ulijengwa juu ya kanuni thabiti. Tabaka la juu ni changa kuliko la chini, na mwamba unaokata mwingine umekuja baadaye. Wanajiolojia hao waliona sawasawa, na ramani zao zingali msingi wa kazi ya leo. Lakini kanuni hizo hueleza nani alitangulia na nani alifuata mahali miamba inapogusana. Hazielezi ni miaka mingapi imepita kati yao. Tena, pale miamba miwili inapotenganishwa na udongo, mashamba au maji ya ziwa, mpimaji hulazimika kuilinganisha kwa sura. Ndivyo lava za Suguti na zile za kaskazini mwa mkoa zilivyowekwa katika mfumo mmoja, kana kwamba ni za zama moja.

Saa iliyomo ndani ya mwamba

Kupima umri kwa miaka kunategemea atomi zinazobadilika zenyewe kwa kasi isiyoathiriwa na joto wala mgandamizo wa kawaida wa miamba. Rubidiamu hubadilika kuwa strontiamu, samariamu kuwa neodimiamu, na urani kuwa risasi. Mpimaji akijua kasi hiyo, na kiasi cha atomi mama na atomi zao zao, huweza kukokotoa muda uliopita.

Ugumu uko katika sharti moja: mwamba usiwe umepoteza wala kupokea atomi hizo baada ya kuumbika. Mwaka 1981 Keith Bell na M. H. Dodson walichapisha uchunguzi mpana wa umri wa ngao ya Tanzania, ambamo njia ya rubidiamu na strontiamu ilichukua nafasi kubwa. Kazi hiyo iliweka kratoni katika zama za Akea kwa ushahidi wa vipimo. Lakini rubidiamu na strontiamu husafirishwa kwa urahisi na maji ya moto yanayopenya katika miamba, na lava za Mara zimepitiwa na maji hayo, kama zinavyothibitisha rangi zao za kijani zilizotokana na madini mapya. Kwa hiyo umri unaopatikana kwa njia hiyo unaweza kuwa wa msukosuko wa baadaye, wala si wa siku lava ilipomwagika.

Zirkoni hutoa ushahidi imara zaidi. Punje hizi ndogo zinapoganda katika magma hupokea urani lakini huikataa risasi. Karibu risasi yote inayopatikana humo baadaye imezaliwa na urani. Isitoshe, kila punje ina saa mbili. Nusu ya urani-238 hubadilika kwa miaka milioni 4,468, na nusu ya urani-235 kwa miaka milioni 704. Saa hizo zikikubaliana, mpimaji ana sababu ya kuamini kwamba punje haikuvurugwa. Zikitofautiana, shahidi mwenyewe amekiri kwamba amepata madhara.

Ukanda mmoja, vipindi viwili

Mwaka 2006 Shukrani Manya, Katsura Kobayashi, Makenya Maboko na Eizo Nakamura walichapisha vipimo vya zirkoni kutoka Ukanda wa Mawe ya Kijani wa Musoma-Mara. Ushirikiano huo uliunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na maabara ya Chuo Kikuu cha Okayama iliyoko Misasa, Japani. Matokeo yaliweka volkano zilizopimwa karibu miaka milioni 2,670 iliyopita, na graniti zinazohusiana nazo zikafuata kwa karibu sana. Mwaka 2009 Mtoro, Maboko na Manya walichapisha uchunguzi wa Suguti, kusini mwa ukanda huohuo, ambako basalti na rioliti zinapatikana pamoja. Umri uliopatikana ulikuwa takriban miaka milioni 2,755.

Tofauti ya miaka milioni 80 hivi inaweza kuonekana ndogo mbele ya umri wa dunia. Kwa mwanahistoria wa miamba ni kubwa, kwani katika muda unaokaribia huo dinosauri wa mwisho wametoweka na Milima ya Himalaya imeinuka. Kilichohesabiwa kuwa mlipuko wa zama moja kimekuwa angalau vipindi viwili, na ukanda umeonekana kujengwa kwa awamu. Fundisho hilo linaigusa Kibara moja kwa moja: umri uliopimwa kaskazini mwa mkoa hauwezi kuhamishiwa ufuko wa Ghuba ya Speke kwa sababu tu rangi katika ramani ni moja.

Kemia kama ushahidi wa asili

Isotopu hujibu swali la lini, na kemia ya miamba husaidia kujibu swali la wapi na vipi. Baadhi ya andesiti za Musoma-Mara zina magnesiamu nyingi. Miamba mingine inayoambatana nazo ina strontiamu nyingi na itriamu kidogo. Ganeti, ambayo huwapo basalti inapoyeyuka kwenye kina kikubwa, huishika itriamu na kuiacha strontiamu ipande na magma. Upungufu wa itriamu kwa hiyo ni alama ya kina. Katika makala ya mwaka 2007, Manya, Maboko na Nakamura walizihusisha alama hizo na kuzama kwa bamba la sakafu ya bahari, pamoja na mgongo wake wa kati, chini ya bamba jingine. Kichwa cha makala yao kinaishia kwa alama ya kuuliza.

Alama hiyo ina uzito. Upungufu wa niobiamu, unaochukuliwa mara nyingi kuwa dalili ya bamba lililozama, unaweza pia kutokea magma inapoyeyusha na kumeza gamba la kale njiani. Isotopu za neodimiamu husaidia kutenganisha maelezo hayo, kwa kuwa gamba la kale lina uwiano tofauti na ule wa koti la dunia. Bado mjadala kuhusu iwapo mabamba yalisogea katika Akea kama yanavyosogea leo unaendelea duniani kote, na miamba ya Mara ni sehemu ya ushahidi wake.

Dhahabu na umri wa mwamba

Kosa jingine la kuepuka ni kuichukulia dhahabu kuwa na umri wa mwamba uliyomo. Buhemba na Kiabakari, katika Wilaya ya Butiama, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za ukoloni. Mshipa wa dhahabu unaoukata mwamba ni lazima uwe mchanga kuliko mwamba huo. Huko Geita, Gregor Borg na Tom Krogh walionesha mwaka 1999 kwamba mwamba uliopenya kabla ya dhahabu una umri wa miaka milioni 2,644, hivyo dhahabu ya hapo ilikuja baada ya wakati huo. Hata Mara, kuupima mwamba peke yake ni kuipima nyumba na kudhani umejua siku mgeni alipoingia.

Hitimisho

Historia ya miamba ya Kibara na majirani zake inaonesha mipaka ya ushahidi wa aina tatu. Jina liliweza kuwaunganisha wasio na undugu, na mwonekano uliweza kuwaweka pamoja walioachana kwa miaka milioni 80. Isotopu zimesahihisha yote mawili, lakini kila kipimo kinasema juu ya tukio moja tu: kuganda kwa punje, kupita kwa maji ya moto, au kutengana na koti la dunia. Atakayeiandika historia ya Kibara anahitaji ramani ya Stockley na zirkoni za Suguti kwa pamoja, kwa kuwa punje isiyojulikana ilikotolewa haina historia, na mwamba usiopimwa hauna tarehe.