Mswaki, Dawa ya Meno na Ukoga: Maneno Matatu katika Historia ya Usafi wa Kinywa



Jioni hii ningependa tuyatazame maneno matatu: mswaki, dawa ya meno na ukoga. Mawili ya kwanza yanajulikana katika kila nyumba. La tatu linaelekea kusahaulika, nami nitadai kwamba hasara ya kulisahau si ya lugha peke yake, bali ni ya afya pia.

Tuanze na mswaki. Asili yake ni neno la Kiarabu miswak, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kusugua. Katika Kiarabu, mi- ya mwanzo ni sehemu ya umbo la nomino za ala, na wingi wake ni masawik. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia mi- hiyo kwa sikio la Kibantu, wakaifanya kiambishi cha wingi. Hivyo tukapata mswaki mmoja na miswaki mingi, kama vile mismar lilivyotupa msumari na misumari, na miqass likatupa mkasi na mikasi. Isitoshe, ngeli ya M-/Mi- ndiyo ngeli ya miti, na mswaki ni mti pia. Wanabotania huuita Salvadora persica, nao huota katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, Uarabuni na Bara Hindi.

Hata hivyo, kukopa jina si kukopa desturi. Jamii nyingi za Afrika zimesugua meno kwa vijiti vya miti mbalimbali na kuviita kwa majina yao wenyewe. Uislamu ulileta msisitizo: hadithi za Mtume Muhammad huhimiza mswaki wakati wa sala, na kwa njia hiyo usafi wa kinywa ukapata nafasi yake maalumu katika saa za siku.

Sasa tujiulize: mswaki huondoa nini? Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mkazi wa Delft nchini Uholanzi, aliwaandikia wanasayansi wa Royal Society ya London kwamba katika uchafu mweupe alioukwangua kwenye meno yake ameona viumbe hai vidogo mno. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza jinsi vijidudu vya kinywani vinavyogeuza vyakula vya wanga na sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino. Kisha mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio lililokuwa rahisi na lenye kusadikisha. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zilipona kwa takriban juma moja. Kilichowaponya kilikuwa kuondolewa kwa utando wa vijidudu uliokuwa umeganda kwenye meno.

Utando huo una jina katika Kiswahili, nalo ni ukoga. Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijitabu cha afya nikipitie lugha yake. Mtafsiri alikuwa ameandika “plaki”, nami nikalipitisha neno hilo kwa kuwa lilikuwa na sura ya kitaalamu. Nilipompelekea shangazi yangu nakala, aliisoma yote kwa makini, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hii plaki inauzwa wapi?” Alidhani ni aina ya dawa. Nilipomweleza, alishangaa: “Kumbe ni ukoga! Sasa mbona hamkusema?” Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Shangazi hakukosea bure. Sisi husema “kupiga mswaki” kama tusemavyo kupiga pasi au kupiga deki: tunaitaja ala, uchafu hatuutaji. Tena kinachopakwa kwenye mswaki tumekiita dawa. Jina hilo lina ukweli wake, kwa sababu floraidi iliyomo huliimarisha jino lisioze. Lakini fizi huhitaji zaidi ule msuguo wenyewe. Anayeamini kwamba dawa ndiyo itendayo kazi yote atapitisha mswaki kwa haraka na kutosheka na povu. Na siku atakapokosa fedha za kuinunua, ataacha kusafisha kabisa, hali mti wa mswaki umesimama nyuma ya nyumba.

Madhara yake huenda mbali kuliko kinywa. Vijidudu vya ukoga vinaweza kuingia katika damu na kuambukiza moyo wenye kasoro, au kuvutwa mapafuni pamoja na mate. Utafiti uliofanywa katika makao ya wazee nchini Japani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliosafishwa vinywa kwa utaratibu, asilimia 11 walipata nimonia. Miongoni mwa wasiosafishwa hivyo, asilimia 19.

Basi, ninyi wanafunzi mtakaotafsiri na kuhariri maandishi ya afya, msikimbilie kutohoa kabla ya kuwauliza wazee. Istilahi ya afya huandikwa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa asiyemjua adui kwa jina hawezi kumwondoa.