Moto Uliohama: Majiko ya Kilosa na Mikumi

Katika nyumba za zamani za Wakaguru na Wasagara, kwenye milima ya Kilosa, moto haukutengewa chumba. Mafiga matatu yalikaa humo humo walimolala watu, na moshi haukujengewa bomba: ulipanda, ukajaa chini ya paa, ukajipenyeza kwenye nyasi hadi nje. Juu ya mafiga, pale pale ambapo fundi wa leo angefunga kifaa cha kuvuta moshi, palikuwa na kichanja cha mahindi ya mbegu.

Hakikuwekwa hapo kwa bahati. Moshi na joto vilikausha nafaka na kuwasumbua wadudu, masizi yakapaka fito na boriti. Moshi, kwa kifupi, ulikuwa na kazi ndani ya nyumba, na anayeuona kama uchafu tu hataelewa kwa nini ulivumiliwa muda mrefu hivyo.

Waliolipa gharama ni wanawake na watoto waliokaa karibu na mafiga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, serikali hutaja vifo 33,000 kila mwaka.

Reli ilileta mpangilio mwingine. Njia ya kati iliyopita Kilosa ilifika Kigoma mwaka 1914, na mashamba ya mkonge yakatanda upande wa Kimamba. Nyumba za mabosi zilijengwa na jiko lake peke yake, nyuma, ili joto, harufu na hatari ya moto visimfikie mwenye nyumba. Mpishi alitoka na sahani, akavuka ua, akaingia mlango wa nyuma. Hiyo ilikuwa njia ya kuondoa moshi kwa kumwondoa mpishi, na iligeuka kuwa alama ya hadhi: hata leo wapo wanaoona nyumba isiyo na jiko la uani haijakamilika.

Kisha ukaja mkaa, na jiko likapata miguu. Jiko la bati halihitaji chumba wala kibanda. Asubuhi linakaa mlango wa nyuma, jioni barazani, mvua ikinyesha linasogezwa ukumbini. Huwashwa nje, likapepewa mpaka moshi uishe, ndipo likaingizwa ndani. Hapo pana mtego, kwa sababu mkaa uliokolea hauonyeshi moshi lakini bado unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa usiku kinaweza kuua waliolala.

Mkaa wenyewe ulitoka karibu. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita Mikumi, na misitu ya miombo ya Kilosa ikawa ghala la majiko ya mjini. Kuanzia mwaka 2012, vijiji kama Ihombwe, Ulaya Mbuyuni na Kitunduweta viliingia katika mradi wa mkaa endelevu: msitu uligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, na kitalu kilichovunwa kikaachwa miaka 24 kichipue. Ushuru ukabaki kijijini.

Umeme ulikuwa karibu pia, ila kwa namna yake. Kituo cha Kidatu, kusini mwa Mikumi, kilianza kuzalisha mwaka 1975, na kwa miaka mingi nyaya zake zilipita juu ya vijiji vilivyoendelea kupikia kuni.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtungi wa gesi umerudisha moto ndani, safari hii ukutani, chini ya dirisha. Mafundi wengi bado wanajenga kwa akili ya kuni: matundu ya hewa yako juu, karibu na dari. Moshi hupanda, lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kutulia huko. Tundu la chini ya ukuta lina maana kuliko feni ya gharama, na mtungi ukikaa nje ya ukuta ni bora zaidi. Feni nayo haina budi kuwa juu ya jiko lenyewe na kutoa hewa nje. Iliyofungwa pembeni huzungusha mvuke tu.

Lakini mwenye kujenga Mikumi leo bado huomba majiko mawili. La ndani lina vigae na gesi, la chai na mboga. Maharage ya saa mbili hupelekwa uani, kwenye mkaa.