Besi ya Umeme: Kutoka Fullerton hadi Kwaya za Baraka

Gitaa la besi la umeme kwa kawaida lina nyuzi nne na kazi moja: kubeba sauti ya chini ambayo waimbaji na magitaa mengine huiegemea. La kwanza kuenea duniani ni Fender Precision, lililotoka mwaka 1951 katika karakana ya Leo Fender huko Fullerton, California. Kabla ya hapo bendi zilitegemea kontrabasi, chombo kirefu kuliko mtu, kizito kubeba, ambacho sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Besi ya Fender ilikuwa na vipande vya chuma vilivyopachikwa shingoni, hivyo noti ilitoka sawasawa kila kidole kilipotua. Jazz Bass ilifuata mwaka 1960.

Mwanzoni mwa mwaka huo, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru wa Kongo huko Brussels, bendi ya Kikongo ya African Jazz, ya Joseph Kabasele, ilirekodi wimbo wa rumba Indépendance Cha Cha. Besi aliipiga Armand Moango, maarufu kama Brazzos, aliyetoka bendi ya OK Jazz. Katika rumba besi huacha mapengo, hunyamaza, kisha hurudi na noti mbili tatu zinazoinua miguu ya wachezaji. Mtindo huo ulivuka mpaka kutoka Kongo hadi Tanzania. Orchestra Maquis ilitoka Kamina ikahamia Dar es Salaam, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, akafika huko mwaka 1978.

Fizi na Baraka, huku Kivu Kusini mwa Kongo, zimekaa kando ya njia hiyo, Kigoma ikiwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huku, besi ni chombo cha ibada kuliko cha dansi: kwaya za Kipentekoste na za Methodisti Huru huimba kwa magitaa. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Anayekimbia kwa mtumbwi habebi amplifaya. Kwaya nyingi zimelazimika kuanza upya bila kitu.

Kwa kwaya kama hizo, besi halisi ya miaka ya hamsini haifikiki. Bei yake ni ya wakusanyaji. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS mwaka 1965, na wapigaji wengi wakaona ubora umeshuka, wakazitafuta zile za zamani. Mwaka 1982 Fender ilianza kutoa upya mitindo ya 1957 na 1962, mingine ikiundwa Japani, na hapo jina la Squier, chapa nyingine ya Fender, likapata sifa. Leo Squier za bei nafuu huundwa China na Indonesia.

Unafuu huo hauipunguzii besi hadhi. Umbo la 1951 lilikuwa rahisi tangu mwanzo: ubao, shingo iliyofungwa kwa skrubu, sumaku iliyozungushiwa waya, vitufe viwili. Ndani hamna betri. Waya ukikatika, fundi wa redio anaulehemu mchana mmoja. Pale ambapo umeme ni wa jua au jenereta na duka la vipuri liko mbali, hiyo ndiyo besi ya kununua.