Neno la Wiki: Nadhifu

Kwenye mitumba pale Namanyere, Ufipa, anayeondoka na furushi la nguo husifiwa kuwa "nadhifu". Sivyo. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni safi. Shati moja lililofuliwa, likapigwa pasi, kola ikanyooka, pamoja na sweta la kukabili baridi ya Juni ya Ufipa, vyatosha kumfanya mtu awe nadhifu. Maridadi huongeza pambo na rangi. Mtanashati ni mtu mwenye mazoea ya usafi na kuvaa vizuri. Shati haliitwi hivyo. Mwenye nguo tele mwiteni mwenye nguo tele. Ukitaka mtindo wako mwenyewe, chagua nguo chache zinazokukaa na kuoana, uzitunze ziwe safi. Huo ndio unadhifu.