Habari za Kahawa ya Jamaa za Kisii, na Jinsi Ilivyotuhusu Sisi wa Ziwani



Baada ya hesabu za mwaka tumeona vema kuweka habari moja ya kale, ili vijana waisome. Safari hii tumechagua kahawa. Huenda mtu wa Dunga akashangaa, kwa kuwa kwetu ni nchi ya samaki na mafunjo, wala kahawa nzuri ya milimani haisitawi katika joto la ufuko huu.

Lakini sisi tuliijua kahawa mabegani kabla ya kuijua vikombeni. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na katika miaka iliyofuata meli zilipakua gatini magunia ya buni za Bukoba na Uganda, yapelekwe Mombasa kwa gari la moshi. Waliobeba magunia hayo walikuwa vijana wa pande zetu. Nazo buni za Bukoba zilikuwa mali ya Waafrika. Wahaya walikuwa na mibuni yao katikati ya migomba tangu kabla ya Mzungu kufika, na mgeni alikaribishwa kwa buni za kutafuna. Kilimanjaro nako Wachaga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka wa 1925. Hivyo kuli wa Kisumu alibeba mali ya Mwafrika mwenziwe, huku yeye mwenyewe, katika Kenya, haruhusiwi kuipanda.

Masetla walidai ya kwamba shamba dogo la mtu mweusi litaeneza magonjwa, ya kwamba buni zitaibwa, na sifa ya kahawa ya Kenya itaharibika. Sababu nyingine haikutajwa kwa sauti kubwa hivyo: mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mtu mwingine kwa mshahara mdogo.

Ruhusa ilipotolewa katika miaka ya 1930, ilikuwa ya majaribio tu, huko Kisii, Embu na Meru. Katika Kisii, Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda. Wengi walisita, wakihofu ya kwamba Mzungu akiona kahawa imesitawi ataitamani nchi yenyewe. Sisi hatuiiti hofu hiyo ujinga. Sheria ya mwaka wa 1930 iliwaahidi wenyeji ardhi yao milele. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria hiyo ikabadilishwa mwaka wa 1932.

Shamba la kahawa la Kisii ni la jamaa. Mbuni huzaa baada ya miaka mitatu au minne, na katika muda huo nyumba hula ndizi na wimbi. Msimu ukifika, mama na watoto huchuma kwa mkono zile nyekundu tu, wakizipita mbichi na kuzirudia siku nyingine. Huchukuliwa kiwandani cha ushirika siku ile ile, zikamenywa, zikalazwa majini mpaka ute utoke, zikaoshwa na kuanikwa juu ya meza. Kazi ya namna hii humtaka mwenye mali, na hapo ndipo masetla walipokosea. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 mashamba madogo yaliongezeka sana, na kahawa yao ikasifiwa ng'ambo. (Wasabato, walio wengi Kisii, hawanywi kahawa kwa mafundisho ya kanisa lao, basi wako walioilima miaka mingi bila kuionja.)

Mwaka wa 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Wengi walitaka kung'oa mibuni wapande chakula, lakini sheria ya wakati huo haikuruhusu kung'oa bila kibali. Babu alikatazwa kupanda, mjukuu akakatazwa kung'oa. Watu wakapanda maharage katikati ya mistari, wakaiacha mibuni ijifie. Wako pia walioendelea kuipogoa, na hao wangali wanachuma.

Tunawaomba wanachama ambao baba au babu zao walifanya kazi gatini wamletee karani majina yao, pamoja na miaka ikiwa inajulikana. Daftari limekwisha kufunguliwa.