Wazee wa Marekani waliopita Kongo na nyumba zao, mwaka 1959

IDJWI, Kivu ya Kusini – Mwaka mmoja kabla ya uhuru, msururu wa magari ulipita katika Kongo ya Wabelgiji ukielekea Uganda. Kila gari lilivuta nyumba ndogo ya alumini inayong'aa, yenye kitanda, jiko na tanki la maji. Nyumba hizo zilikuwa 41. Waliolala ndani yake walikuwa Wamarekani zaidi ya 100, wengi wao wazee waliokwisha kuingia pensheni. Walitoka Cape Town, na walitaka kufika Cairo.

Kiongozi wao alikuwa Wally Byam, aliyezaliwa Oregon mwaka 1896, mwenye kiwanda cha Airstream. Huyu alikuwa mfanyabiashara, na jambo hilo lisisahaulike: kila picha ya nyumba zake mbele ya mlima au mto ilikuwa tangazo. Kijana mpiga picha, Pete Turner, alisafiri nao, na picha zake ndizo zilizoifanya safari ile ijulikane duniani. Lakini Byam aliwafahamu wateja wake. Mzee aliyefanya kazi miaka 40 haogopi njia ndefu kama anajua kwamba usiku atalala kwenye kitanda chake mwenyewe.

Alikuwa ameshaonja hasara. Mwishoni mwa mwaka 1951 aliongoza msafara wa kwanza kutoka Marekani kwenda Meksiko na Amerika ya Kati. Nyumba 63 zilianza safari. Zilizofika mwisho, Managua, zilikuwa 14 tu. Nyingine zilivunjika vyuma njiani, wenye nazo wakarudi. Kwa Afrika alijipanga upya. Magari na nyumba vilipakiwa melini hadi Cape Town. Safari yote ilichukua siku 221 na kama kilometa 23,000. Mahali pa kulala, nyumba zilipangwa kwa duara, milango ikitazama ndani. Ethiopia walipokelewa na Mfalme Haile Selassie. Mapema mwaka 1960 duara lile lile lilipangwa karibu na mapiramidi ya Giza.

Leo Wamarekani wengi wanaostaafu wanavuta nyumba au wanaendesha gari lenye nyumba ndani yake, na wanazunguka nchi yao kwa miezi. Mtu akiangalia picha zao anaweza kufikiri ni suala la utajiri tu. Utajiri upo, ndiyo. Ila safari ya mzee inaanza kupangwa miaka mingi kabla mzee mwenyewe hajanunua gari, na wanaoipanga ni wengine.

Kwanza barabara. Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa malori kutoka Washington hadi San Francisco kujaribu njia. Ulitumia siku 62. Madaraja yalivunjika chini ya malori, matope yakayameza magurudumu. Msomaji wa Kalehe hahitaji kuelezwa hali hiyo inafananaje. Ndani ya msafara ule alikuwamo ofisa kijana aitwaye Dwight Eisenhower. Alipokuwa rais, tarehe 29 Juni 1956 alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima, maili 41,000. Miaka 37 ilipita kati ya matope yale na sahihi ile.

Pili pensheni. Sheria ya bima ya uzee ya Marekani ni ya mwaka 1935. Mtu wa kwanza kupokea hundi ya kila mwezi alikuwa Ida May Fuller wa jimbo la Vermont, Januari 1940: dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa kwenye mshahara kwa miaka mitatu tu, jumla isiyofika dola 25. Aliishi hadi umri wa miaka 100, akawa amepokea karibu dola 23,000. Pesa ya namna hiyo, inayokuja kila mwezi hata kama mwenyewe hayupo nyumbani, ndiyo inayomruhusu mzee kufunga mlango na kuondoka kwa miezi.

Wakati nyumba za Byam zinapita Kongo, mzee wa Idjwi alikuwa na nini?

Kuhusu kusafiri, watu wa kisiwa hiki hawakuwa wageni wa jambo hilo. Katika karne ya 19 wachuuzi wa Idjwi walivuka Ziwa Kivu kwa mitumbwi wakibeba butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo, ambazo zilitumika kama fedha kwenye masoko ya pande zote mbili za ziwa. Nani atavuka, mwezi gani, atafikia kwa rafiki gani ng'ambo ya pili, hayo yalikuwa mahesabu ya kweli ya safari. Kisha ziwa likawekewa mipaka. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza uliacha Idjwi upande wa Kongo. Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudisha mikononi mwao.

Baada ya hapo mtu hakuvuka tena kama alivyopenda. Amri ya Desemba 1933 ilisema mwenyeji hawezi kukaa nje ya eneo la chifu wake zaidi ya siku 30 bila karatasi ya utawala. Kwa hiyo mwaka 1959 mgeni aliyetoka Ohio alikuwa akipita Kongo yote na kitanda chake nyuma ya gari, na Muhavu wa hapa Idjwi alihitaji kibali ili akae mwezi mmoja na nusu kwa mwanawe Bukavu. Haikuwa kosa la wazee wale wa Marekani, na huenda hakuna aliyewaeleza. Barabara ile ilikuwa imelimwa kwa mikono ya watu ambao hawakuruhusiwa kuitumia wapendavyo.

Pensheni nayo ilikuwa imeanza. Mwezi ule ule wa Juni 1956, wiki chache kabla ya sahihi ya Eisenhower, utawala wa Ubelgiji ulitoa amri ya pensheni kwa wafanyakazi Wakongo. Ni wale waliokuwa na mwajiri tu: kiwandani, bandarini, au kwenye mashamba makubwa, kama yale ya kwinini yaliyokuwa hapa kisiwani. Mvuvi na mkulima hawakuingia, na hadi leo hawamo.

Kilichofuata kila familia ya hapa inakijua kwa namna yake. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulipatikana. Julai, walowezi wa Kivu waliondoka kwa magari yaliyojaa masanduku, kuelekea Usumbura na Uganda. Wengi wao walikuwa wamepanga kuzeekea kando ya ziwa hili. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, na safari hii waliobeba masanduku walikuwa wenyeji. Mwaka 1994 kisiwa kilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Tangu mapema mwaka 2025, baada ya vita kufika Goma na kisha Bukavu, kuna tena watu wanaolala kwa jamaa zao Idjwi wakisubiri habari za nyumba walizoacha.

Barabara nayo haikungoja. RN2, inayotoka Bukavu kwenda Goma kupitia Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake, ni njia fupi kwenye ramani. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400, na vijiji vilivyozolewa vilikuwa kando ya barabara hiyo. Mwaka uliofuata mapigano yaliifunga upande wa Sake, wachuuzi wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Goma mbele ya macho ya watu waliosimama bandarini. Makumi ya abiria walikufa. Hesabu ya kilometa haikumsaidia mtu siku hiyo.

Upande wa pensheni, mambo yalisogea kwenye karatasi. Juni 1961, siku moja kabla ya kutimia mwaka mmoja wa uhuru, ilianzishwa INSS, ambayo tangu 2018 inaitwa CNSS. Sheria ya Julai 2016 iliweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Lakini mfanyakazi wa zamani anayeishi hapa kisiwani anatakiwa kuvuka ziwa kwenda kufuatilia haki yake, na tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, aliyekuwa akilipwa kupitia akaunti ameongezewa safari nyingine. Safari ndefu ya uzeeni, kwa huyu, ndiyo hiyo ya kutafuta pensheni yenyewe.

Kuna jambo jingine linalogusa familia nyingi za Kivu zilizotawanyika. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2024, Wakongo walikuwa kati ya makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wapo Kentucky, Texas, na Ohio, katika mji wa Dayton, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Jackson Center, pale zinapotengenezwa nyumba za Airstream. Waliofika wakiwa na miaka 45 au 50 sasa wanakaribia uzee huko, na simu zao nyumbani zimeanza kuwa za maswali hayo: nitaacha kazi lini, nitaishi kwa nini, nitaweza kuja kuwaona?

Majibu mengine yako wazi. Pensheni ya Marekani inadai kwa kawaida miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi, hata kama haikufuatana. Mtu anaweza kuanza kuichukua akiwa na miaka 62, ila kwa kiasi kilichopunguzwa. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye anapata kamili akifikisha 67. Kazi ya kulipwa mkononi bila karatasi haihesabiki hata siku moja. Na Marekani haina mkataba na Kongo wa kujumlisha miaka ya kazi. Aliyeajiriwa Bukavu miaka 20, akakimbia, kisha akafanya kazi Dayton miaka 8, huko anahesabiwa 8 tu. Inabidi aongeze miwili. Ile 20 inabaki kwenye faili ya CNSS, kwa jina lake na namba yake ya uandikishaji, kama namba hiyo haikupotea pamoja na vitu vingine siku ya kukimbia. Kwa familia ambazo bado zina karatasi hizo ndani ya begi, picha yake kwenye simu ya ndugu aliye mbali ni nakala ambayo maji ya ziwa hayaifikii.